Mabingwa wa Sauti: Machakos na Rekodi za Enzi ya Sahani

Kanuni za mashindano haya ni chache. Enzi inayoshindaniwa ni ile ya sahani za santuri, redio za betri na magazeti ya kusomeana kwa sauti, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Nikivuka mpaka kidogo huku au kule, mwamuzi ni mimi. Uwanja wa nyumbani ni Machakos, mji wa Masaku, uliokuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli. Vipimo navyo ni vya hapa hapa: kilomita 63 hivi za barabara kati ya Machakos na Nairobi, basi la abiria 62, lile linalojazia kwenye stendi ambayo Wanairobi wameibatiza "Machakos Airport" ingawa haijawahi kurusha hata tiara, uwanja wa mpira wa mita 105, na Kasarani yenye nafasi ya watu 60,000. Filimbi imelia.

1. Umati mkubwa zaidi uliokusanyika bila redio

Julai 1938 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwachukulia Wakamba mifugo yao kwa nguvu, kwa madai kwamba ng'ombe wamezidi na udongo unakwisha. Muindi Mbingu akawaongoza watu wapatao 2,000, wanaume kwa wanawake na watoto wao, wakaingia Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Leo hao ni mabasi 32 yaliyojaa na la 33 linaitia abiria. Hawakurudi nyumbani jioni, bali walipiga kambi kwa wiki kadhaa.

Redio ilikuwapo Kenya tangu 1928, yaani miaka kumi kamili, lakini ilikuwa ya walowezi na ilisema Kiingereza. Neno la Mbingu lilipita vilimani kwa mdomo na miguu tu. Yeye mwenyewe alikamatwa akapelekwa Lamu, ila kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeachana na kutwaa ng'ombe kwa lazima. Kila chombo kinachofuata katika orodha hii, chenye nyaya au kisicho na nyaya, kinapaswa kupimwa kwa alama hiyo ya watu 2,000 waliokusanywa kwa koo tupu.

2. Mita nyingi zaidi ndani ya sentimita 25

Sahani ya zamani, ile nyeusi nzito iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilikuwa na upana wa sentimita 25 na muziki wa dakika tatu hivi kila upande. Unaiona ndogo? Ukiunyoosha mchirizi uliofuatwa na sindano unapata takribani mita 125. Sindano ilitoka goli hadi goli, ikavuka mstari, ikaendelea mita 20 nyuma ya nyavu, na hapo umesikia wimbo mmoja tu!

Kwa kasi, hata hivyo, sahani haitishi. Ukingo wake wa nje ulikwenda kilomita 3.7 kwa saa. Mama anayewahi soko la Machakos na gunia la maembe mgongoni anaupita bila kutokwa jasho. Kwa mwendo huo, ukingo ukitoka Machakos alfajiri ya saa kumi na moja unafika Nairobi saa nne usiku. Sahani ndogo ya mizunguko 45, iliyotamba miaka ya 1960, ni mvivu zaidi: kilomita moja na nusu kwa saa, safari ya saa 42, karibu siku mbili barabarani.

Lakini mvivu huyo ndiye aliyeshinda, na aliyemshindisha ni mizani. Sahani ya 78 ilikuwa na gramu 200 hivi na ikianguka sakafuni ilikuwa vipande. Ya 45 ilikuwa na gramu 40 hivi na ikianguka unaiokota, unaipangusa, unaendelea. Muuzaji aliyebeba moja ya zamani angeweza kubeba tano mpya kwa uzito ule ule, akazifunga juu ya baiskeli akapanda nazo hadi Mitaboni au Masii zikafika nzima.

Na nani alihitaji umeme? Gramafoni ilikuwa na hendeli ubavuni. Uliizungusha mpaka springi ikakaza, ukaweka sindano, na wimbo ulipoanza kulegea na mwimbaji kuwa na sauti ya mlevi, uliikimbilia hendeli tena. Sindano zenyewe zilikuwa za chuma, na kila upande wa sahani ulistahili sindano mpya. Kikopo kimoja kilikuwa na sindano 200, sawa na saa kumi za muziki: dansi la kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila kupumzika. Aliyebana matumizi akarudia sindano butu alijikuta baada ya miezi anasikiliza mkwaruzo wenye mwimbaji ndani yake.

3. Msafiri mwenye kasi kuliko wote

Bingwa asiye na mpinzani ni wimbi la redio, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kati ya Nairobi na Machakos ni sehemu moja ya tano ya elfu moja ya sekunde. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipofungua kinywa London tarehe 27 Juni 1957, neno lilikuwa na kilomita 6,800 hivi za kwenda, na lilizimaliza kabla msikilizaji hajapepesa jicho. Sauti ya Cairo ilikuwa imeitangulia kwa Kiswahili tangu 1954, ikiwapiga Waingereza vijembe kutoka umbali ambao askari wa kikoloni hangeweza kuufikia na pingu. Hapo ndipo redio inapoipiga sahani kwa mabao mengi. Sahani unaweza kuifungia dukani na gazeti unaweza kulipiga marufuku. Wimbi halisimami kwenye kizuizi cha barabara.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoifanya serikali ya Kenya iwatangazie Waafrika kwa lugha zao, kwa kuwa familia za askari zilitaka habari za vita na serikali ilitaka kuwa ya kwanza kuzitoa. Tatizo lilibaki bei ya chombo. Jibu maarufu lilitoka Lusaka mwaka 1949: Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali ya huko, aliishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu, ya duara, yenye upana wa inchi tisa, ndani ya umbo la sufuria ya alumini. Bei ilikuwa pauni tano, ambazo kwa fedha ya Afrika Mashariki zilikuwa shilingi 100, na betri ililipiwa pembeni. Kisha Oktoba 1954 Marekani ikatoa Regency, redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, yenye gramu 340 hivi. Kwa hesabu ya mizani, sahani mbili za 78 zinaizidi uzito redio nzima!

4. Gitaa la kwanza la umeme, na mafunzo ya mbali kuliko yote

Wakamba walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi zaidi katika King's African Rifles, na vita viliwafikisha wengi Burma, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka vilima vya Iveti, Machakos. Jeshi lilitambua kwamba askari haishi kwa risasi peke yake, likaunda kikosi cha burudani. Ndani yake alikuwamo kijana wa Kigiriama kutoka Kilifi, mzaliwa wa 1924, Fundi Konde. Baada ya vita, akiwa na Kapteni Peter Colmore jijini Nairobi, Konde alirekodi kwa lebo ya HMV, na ndiye anayehesabiwa kuwa Mkenya wa kwanza kushika gitaa la umeme.

Pima uzito wa jambo hilo. Hadi hapo gitaa lilishindana na vishindo vya miguu, na miguu ikashinda. Mpigaji alilazimika kukaa karibu na wachezaji, na ukumbi haukuweza kuzidi kile ambacho nyuzi sita ziliweza kufikia. Waya mmoja na kipaza sauti vikaondoa mpaka huo, na bendi ikaweza kujaza ukumbi wa mamia. Wenzake wengine wa kikosi walirudi na bendi ya Rhino. Kwa jumla, chuo cha muziki kilichowatoa wapigaji wengi wa kizazi kile hakikuwa na majengo wala karo. Kilikuwa na magwanda ya khaki. Sijui chuo kingine kilichowapeleka wanafunzi mbali namna hiyo na kikawalipa.

5. Vidole vichache zaidi, mauzo makubwa zaidi

Mwaka 1952, huko Jadotville, Kongo, mji unaoitwa Likasi leo, mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco, kijana wa miaka 22, akamrekodi "Masanga". Bosco alitumia kidole gumba na cha shahada. Viwili tu. Gumba lilikanyaga besi, shahada likacheza juu yake, na wasikilizaji wengi wakaapa kwamba magitaa ni mawili.

Colmore, ambaye hakuwa mtu wa kukosa fursa, alimleta Nairobi mwaka 1959, mwendo wa kilomita 1,500 hivi kwa mstari wa ndege, sawa na kwenda Nairobi kutoka Machakos mara 24. Kazi? Kuimba sifa za Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa. Edouard Masengo, Mkongo mwenzake, aliiimbia Coca-Cola. Wakati huo, mteja wa Tala au Kangundo alipofika dukani alikuwa tayari anaijua dawa kwa wimbo kabla hajaijua kwa pakiti. Na wavulana wa Kenya, kuanzia Magharibi hadi Ukambani, wakaketi wakijaribu kuviiga vile vidole viwili kwa vyao vitano. Tangazo la dawa likawa somo la gitaa la bure, na katika kundi la matangazo sioni la kulipita.

6. Filamu kubwa zaidi kuwahi kukanyaga Machakos

Hii hutajwa mara chache mno na watu wa Machakos wenyewe, na ningekuwa wao ningeiandika kwenye bango la kuingilia mjini. "King Solomon's Mines" ya MGM, filamu ya 1950 yenye Stewart Granger na Deborah Kerr, ilipigwa Uganda, Tanganyika, Kongo, Ruanda na, ndani ya Kenya, Rumuruti na Machakos! Ilishindania Oscar ya filamu bora, ikarudi na mbili: ya upigaji picha na ya uhariri.

Kwa wapenda muziki rekodi yake ni nyingine. Studio iliyozoea kulipa okestra nzima iliiacha filamu hii bila okestra. Kinachosikika ni ngoma na nyimbo za Afrika. Hollywood, iliyokuwa na fidla nyingi kuliko taasisi yoyote duniani, ilikubali kwamba kwenye mandhari haya fidla zinyamaze.

Tena ilikuwa filamu ya ubahili wa hali ya juu. Picha zilizobaki zilihifadhiwa, na mwaka 1959 MGM ikazitumia tena katika "Watusi". Miaka tisa ghalani, kisha zikauzwa upya kwa watazamaji wale wale.

Nyumbani, sinema iliwajia watu kwa gari. Serikali ilikuwa na magari ya habari yaliyobeba projekta, jenereta na kitambaa cheupe, yakipita vijijini na filamu za vita, kilimo na usafi. Zilihubiri kupita kiasi. Watazamaji walivumilia mahubiri ya matuta ya shamba ili wafikie kipande cha kuchekesha, na wahubiri walilijua hilo.

7. Wimbo uliosafiri mbali zaidi

Medali ya dhahabu, bila kupigiana kura: "Malaika". Fadhili William, mzaliwa wa Taita wa mwaka 1938, aliurekodi Nairobi karibu na mwaka 1960 pamoja na Jambo Boys. Adam Salim, naye, alidai hadi mwisho kwamba alikuwa ameutunga yeye mapema zaidi, miaka ya 1940. Mjadala wa nani aliyeutunga kwanza ni wenyewe rekodi ya ubishi: umewazidi umri wabishi wote wawili.

Sasa hesabu ya mwendo. Miriam Makeba akauchukua, na mwaka 1965 ukatokea kwenye albamu aliyoimba na Harry Belafonte, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800 hivi. Gawa kwa barabara yetu: safari 187 za Machakos hadi Nairobi. Ukienda moja kila siku bila kukosa Jumapili, unamaliza baada ya miezi sita. Boney M. wakaudaka mwaka 1981 wakaupeleka kwenye disko za Ulaya. Angélique Kidjo wa Benin akauimba pia. Waimbaji hawa hawakushirikiana lugha ya nyumbani, lakini wote walilazimika kujifunza Kiswahili cha kutosha kumlilia mchumba kwa ukosefu wa mahari. Ni wimbo wa mtu asiye na pesa, na umezungushwa na nyota wenye pesa nyingi kuliko wimbo wowote wa Kiswahili.

Medali ya fedha: Daudi Kabaka na "Helule Helule". Kundi la Kiingereza la The Tremeloes liliurekodi mwaka 1968 na kuufikisha nafasi ya 14 kwenye orodha ya Uingereza. Kabaka na Fadhili William walipiga chini ya dari moja, Equator Sound Studios ya Charles Worrod, jijini Nairobi. Studio moja, dhahabu na fedha! Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 2001.

8. Mwanamuziki aliyebadilishwa umbo kuliko wote

Jimmie Rodgers alikuwa Mmarekani wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933. Sahani zake zilifika kwa Wakipsigis. Mwaka 1950, Tracey alipofika nchini na mashine yake ya kurekodi, wasichana wa Kipsigis walimwimbia kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu mnyama. Alikuwa Rodgers huyo huyo, aliyekufa miaka 17 nyuma, sasa ana miguu ya swala na anabembelezwa acheze. Msanii gani mwingine aliyeingia kwenye masanduku ya gramafoni akiwa mtu akatoka akiwa kiumbe cha hadithi? Nimetafuta mshindani, sijampata.

9. Barua yenye faida kubwa zaidi

Mwaka 1959 watu watatu walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie nauli za wanafunzi wa Kenya: Harry Belafonte, mwimbaji, Sidney Poitier, mwigizaji, na Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli. Si balozi, si waziri, si askofu. Umaarufu wa redio na sinema ulitolewa mezani kama dhamana, na mpango wa Tom Mboya wa kuwasafirisha kwa ndege ukapata mafuta.

Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Kwa kipimo chetu ni basi moja limejaa na 19 wamesimama kwenye korido, jambo ambalo kondakta yeyote wa Machakos angelimaliza kwa amani. Kufikia 1963 walikuwa wamefikia karibu 800, sawa na mabasi 13. Katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani wa mwaka 2004. Abiria huyo mmoja anatosha kulipia safari zote.

Belafonte anaingia kwenye orodha hii mara mbili, rekodi ambayo hakuna mwingine asiye wa Afrika Mashariki aliyeipata, isipokuwa Tracey na mashine yake. Louis Armstrong alikaribia. Alitua Nairobi mwaka 1960 na tarumbeta yake katika ziara ya Afrika, lakini tunampa nishani ya ushiriki.

10. Karatasi zilizosomwa na macho mengi kuliko zilizouzwa

Gazeti la Kiswahili la Baraza lilianza mwaka 1939, likadumu miaka 40. "Taifa" lilianzishwa na Charles Hayes mwaka 1958, Aga Khan akalinunua mwaka uliofuata, na mwaka 1960 likazaa gazeti la kila siku, Taifa Leo. Daily Nation, la nyumba hiyo hiyo, lilitoka tarehe 3 Oktoba 1960. Yaani, kwa wanaodhani Kiswahili ndicho kifunga mkia kwenye vyumba vya habari, tarehe ziko wazi: Kiswahili ndicho kaka mkubwa wa nyumba ile, Kiingereza ni mdogo wake.

Mwana wa Machakos naye hakubaki nyuma. Paul Ngei, aliyezaliwa mwaka 1923, aliingia kwenye uhariri wa magazeti ya kudai haki mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hajakamatwa Oktoba 1952 na kuwa mmoja wa sita walioshtakiwa Kapenguria. Gazeti moja la namna hiyo lilipofika kijijini halikuwa na msomaji mmoja. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti chini ya mti, na waliosikiliza wakaondoka na maneno yale. Idadi ya nakala haisemi lolote kuhusu idadi ya masikio. Waingereza, waliohesabu nakala, walichelewa kulielewa hilo.

Mkongwe wa vichekesho ni Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau, aliyeanza miaka ya 1950 na kuendelea kuteleza kwenye kurasa za Taifa Leo kwa zaidi ya nusu karne. Marais walibadilika, Juha akabaki juha.

11. Kipindi cha redio kisichochoka

Leonard Mambo Mbotela wa Freretown, Mombasa, alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, mwaka ule ule shirika lilipopewa jina hilo. Mwaka 1966 akaanzisha "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi cha kuwasema watu wenye tabia mbovu bila kuwataja. Kilivuka miaka 50. Mtoto aliyezaliwa Machakos siku ya kipindi cha kwanza alikuwa na wajukuu, na Mbotela bado anamuuliza kama huo ni ungwana. Alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 84.

12. Kongwe kuliko wote

Fupi: klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa, Zanzibar, 1905. Inaizidi Shule ya Machakos, ya 1915, kwa miaka kumi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani, na kuwa mwanamke wa kwanza wa pwani hii kufanya hivyo, klabu hiyo ilikuwa tayari na miaka 23.

13. Wimbo uliopanda cheo haraka zaidi

Kabla ya Desemba 1963 ulikuwa wimbo wa kumlaza mtoto wa Kipokomo ukingoni mwa Mto Tana. Kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliuchukua ule mdundo, ikaupa maneno na mpangilio, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ukapigwa bendera ikipanda. Wimbo wa taifa! Kazi yake ya zamani ilikuwa kuwafunga watu macho. Kazi yake mpya ni kuwasimamisha wima.

Wapokomo ni kama laki moja na ushee. Wakenya katika sensa ya 2019 walikuwa 47,564,296. Ukitaka wote wauimbe kwa pamoja utahitaji Kasarani 793, na ukipanga viwanja vyote hivyo katika barabara ya Machakos hadi Nairobi, kila kilomita itabeba zaidi ya 12. Umesikika kwa redio kila siku tangu uhuru, hivyo kwa idadi ya masikio unaipita hata "Malaika". Mashabiki wa Fadhili William watalalamika. Walalamike, "Malaika" ina dunia, huu una asubuhi na jioni.

14. Jina lenye kimo kirefu zaidi

Sasa mwamuzi anavuka mpaka, kwa sababu hawezi kuondoka Machakos bila kuwaimbisha wenyewe. Kilimambogo, mlima ulio katika kaunti hii upande wa Thika, una mita 2,145, karibu nusu kilomita juu ya mji wa Machakos. Kakai Kilonzo alizaliwa huko mwaka 1954, na katikati ya miaka ya 1970 akaunda bendi akaipa jina la mlima. Kilimambogo Brothers hawakuwa na shida ya kumwambia mtu wametoka wapi: angetazama juu tu.

Chombo chao kilikuwa ile sahani ya 45, mvivu wa sehemu ya pili. Benga ya Kikamba haikuenea upande mmoja, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Kwenye baa, gitaa lilipoanza kupanda, ndipo sahani ilipokwisha. Wachezaji wakasimama na mguu mmoja hewani wakimsubiri mtu aigeuze. Kilonzo aliimba Kikamba, kisha akaongeza Kiswahili ili afike mbali zaidi ya Ukambani, na akafika, kabla hajafariki mwaka 1987 akiwa na miaka 33.

Mlima, kwa hiyo, ni wake. Rekodi ya sauti nyembamba zaidi ya Ukambani wanayo Kalambya Sisters na "Katelina" yao ya miaka ya 1980, na mpaka naandika haya hakuna aliyejitokeza kuipinga.